Mbio za Sakafuni? Naftali Temu na Deni la Wasifu wa Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Methali hii aghalabu hutumiwa kumsuta mtu aliyeng'ara kwa kipindi kifupi kisha akafifia, kana kwamba ufupi wa safari ni ushahidi tosha kuwa safari yenyewe haikuwa na maana. Iwapo kipimo hicho kitakubaliwa, basi Naftali Temu, mkimbiaji kutoka ardhi ya Wagusii, katika eneo ambalo leo linajulikana kama Kaunti ya Nyamira, atahesabiwa kuwa mtu wa mbio za sakafuni. Aliingia katika mashindano ya dunia mwaka 1964, akatwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 1968, na kufikia mwaka 1972 alikuwa amekwisha kutoka jukwaani. Miaka minane tu, na katika hiyo minane, ile ya utukufu haikuzidi mitatu.

Makala haya yanapinga usomaji huo wa methali. Yanashikilia mambo mawili. Kwanza, kwamba ufupi wa maisha ya Temu uwanjani haupunguzi uzito wa aliyoyatenda. Pili, kwamba fasihi ya Kiswahili, hasa utanzu wa wasifu, ina deni kwake na kwa wenzake wa Kisii na Nyamira, na kwamba deni hilo linazidi kuwa gumu kulipika kadiri mashahidi wanavyoendelea kutuacha. Hili si suala la wapenzi wa michezo peke yao. Ni suala la wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, kwa kuwa linahusu swali la zamani la taaluma yetu: ni nani anayestahili kusimuliwa, na asimuliwe kwa lugha gani?

Miaka minane

Temu alizaliwa mwaka 1945. Alipokwenda Tokyo mwaka 1964 alikuwa kijana wa miaka 19, na nchi yake ilikuwa haijatimiza mwaka mmoja wa uhuru. Huko alikimbia marathoni na kumaliza katika nafasi ya 49. Hakuna aliyemtazama. Medali pekee ambayo Kenya iliipata katika michezo hiyo, na iliyokuwa ya kwanza kwake katika Olimpiki, ni shaba ya Wilson Kiprugut katika mbio za mita 800.

Miaka miwili baadaye, mwezi Agosti 1966, mambo yalibadilika. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Kingston, Jamaika, Temu alishiriki mbio za maili 6. Mpinzani wake mkuu alikuwa Ron Clarke wa Australia, bingwa ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 kwa dakika 27 na sekunde 39.4. Waliohudhuria walitarajia kumwona Clarke akiwaacha wenzake mmoja baada ya mwingine. Walichokiona ni Clarke mwenyewe akiachwa. Temu alishinda, na aliposhika utepe Clarke alikuwa nyuma yake kwa zaidi ya sekunde 20.

Kisha ikaja Mexico City. Tarehe 13 Oktoba 1968, siku ya kwanza ya riadha, wakimbiaji wa mita 10,000 walijipanga katika jiji lililo mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Mbio zilikwenda polepole. Kipchoge Keino, aliyekuwa miongoni mwa waliotazamiwa kushinda, alilazimika kutoka kwa maumivu ya tumbo mizunguko michache kabla ya mwisho. Clarke alimaliza wa sita na kuanguka chini, akalazimika kupewa hewa ya oksijeni. Mbele walibaki Temu, Mamo Wolde wa Ethiopia na Mohammed Gammoudi wa Tunisia. Katika mzunguko wa mwisho Wolde alichomoka na kuongoza. Temu hakubabaika. Alimfuata kwa subira na kumpita zikiwa zimesalia mita chache, akamaliza kwa dakika 29 na sekunde 27.4, akimtangulia Wolde kwa chini ya sekunde moja. Hiyo ndiyo medali ya kwanza ya dhahabu ambayo Kenya iliipata katika Olimpiki. Amos Biwott alipata ya pili katika mbio za kuruka viunzi na maji, na Keino akapata ya tatu katika mita 1,500.

Temu hakuishia hapo. Alikimbia mchujo wa mita 5,000, akakimbia fainali na kupata shaba nyuma ya Gammoudi na Keino, na tarehe 20 Oktoba akajitosa katika marathoni, akamaliza wa 19. Kwa jumla alikimbia zaidi ya kilomita 62 za mashindano ndani ya siku nane, katika hewa ile nyepesi. Mtu aliyefanya hayo haelezwi vyema kwa methali ya mbio za sakafuni.

Baada ya hapo nyota yake ilianza kushuka. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970 alimaliza nyuma sana. Mjini Munich mwaka 1972 hakuvuka mchujo wa mita 10,000. Alikuwa na umri wa miaka 27, umri ambao wakimbiaji wengi wa masafa marefu wa kizazi cha leo ndio kwanza huanza kukomaa. Alirudi nyumbani. Rais Jomo Kenyatta alikuwa amemtunuku shamba la takriban hekta 20 huko Borabu, katika ardhi iliyokuwa ya walowezi kabla ya uhuru, na huko ndiko alikoishi kama mkulima. Alifariki dunia tarehe 10 Machi 2003 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, kwa maradhi ya saratani ya tezi dume. Alikuwa na umri wa miaka 57.

Rekodi ambayo haijavunjwa

Lipo jambo moja ambalo linatosha peke yake kumfunga mdomo anayemwona Temu kuwa mtu wa kupita. Kenya imetoa mabingwa wengi wa dunia wa masafa marefu kiasi kwamba majina yao yanachosha kuyahesabu. Hata hivyo, tangu mwaka 1968 hadi Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, hakuna mwanamume mwingine wa Kenya aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki katika mita 10,000. Richard Chelimo alipata fedha Barcelona mwaka 1992. Paul Tergat alipata fedha Atlanta mwaka 1996, akapata fedha tena Sydney mwaka 2000, ambapo Haile Gebrselassie wa Ethiopia alimshinda kwa sehemu ndogo ya sekunde. Dhahabu hiyo imekwenda Ethiopia, Finland, Italia, Moroko, Uingereza, na mwaka 2024 ikaenda Uganda kwa Joshua Cheptegei. Ni katika michezo hiyo hiyo ya Paris ambapo Beatrice Chebet aliishinda kwa upande wa wanawake. Kwa upande wa wanaume, zaidi ya nusu karne imepita na jina bado ni moja: Temu.

Wapo wanaodai kuwa ushindi ule ulikuwa zawadi ya mwinuko. Kwamba hewa nyepesi ya Mexico City iliwaonea watu wa nyanda za chini na kuwapendelea watu wa milimani. Ni kweli kwamba muda wa Temu ulikuwa nyuma ya rekodi ya Clarke kwa dakika moja na sekunde 48. Ni kweli pia kwamba Clarke aliumia vibaya. Lakini wanaotoa hoja hiyo husahau Kingston. Kingston ni mji wa bandari. Hapana mwinuko huko. Kuna joto na hewa nzito ya bahari. Na huko ndiko Temu alikomshinda Clarke yule yule, miaka miwili kabla, kwa tofauti kubwa zaidi kuliko tofauti yoyote inayoweza kulaumiwa kwa mlima. Anayesoma Mexico bila kusoma Kingston anasoma ukurasa wa pili wa kitabu akiwa ameuchana wa kwanza.

Waliotangulia na waliofuata

Temu hakuota kama uyoga. Kabla yake alikuwapo Nyandika Maiyoro, Mgusii mwenzake, ambaye mwezi Julai 1954 alikimbia maili 3 katika uwanja wa White City mjini London. Alichomoka tangu mwanzo na kuwaacha Waingereza mbali, mpaka Fred Green na Chris Chataway walipomfikia na kumpita. Green aliweka rekodi ya dunia siku hiyo, na Maiyoro akamaliza wa tatu. Wiki chache baadaye, mjini Vancouver, alikuwa wa nne katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Melbourne mwaka 1956 alikuwa wa saba katika mita 5,000. Roma mwaka 1960 alikuwa wa sita. Hakuwahi kuvishwa medali ya Olimpiki, lakini ndiye aliyeuonyesha ulimwengu kwamba mkimbiaji wa Kenya anaweza kusimama bega kwa bega na wakubwa. Mwaka 1958 mjini Cardiff, Arere Anentia, naye Mgusii, alipata shaba ya maili 6 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola.

Baada ya Temu walikuja wengine. Mjini Munich mwaka 1972 Kenya ilishinda mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne. Wakimbiaji walikuwa Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang. Watatu wa kwanza walikuwa watoto wa Gusii. Asati na Ouko walikuwa tayari wameshinda dhahabu Edinburgh mwaka 1970, huyu katika mita 400 na yule katika mita 800.

Historia hii ina mafunzo makubwa. Leo hii simulizi iliyozoeleka kuhusu riadha ya Kenya ni ile ya Bonde la Ufa, na wako wanaoipeleka mbali zaidi kwa kudai kuwa kasi imo katika damu ya kundi moja la watu. Hapana anayepinga ukuu wa wakimbiaji wa Bonde la Ufa. Kumpinga Keino ni kujaribu kuziba jua kwa ungo. Lakini dai la damu haliwezi kusimama mbele ya orodha tuliyoitaja. Wagusii ni Wabantu, wakulima wa ndizi, wimbi, chai na pareto, wenye vilima vyao na shule zao. Kutoka kwao ilitoka dhahabu ya kwanza ya Olimpiki, na kutoka kwao walitoka watatu kati ya wanne wa Munich. Kilichopungua baadaye katika Kisii na Nyamira si damu. Anayetaka kueleza kupungua huko atazame viwanja, walimu wa michezo, kambi za mazoezi, na mahali zilikoelekezwa fedha. Simulizi inapopunguzwa, siasa ya viwanja nayo hupata pa kujificha.

Methali zetu na mkimbiaji

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopaswa kuinua kalamu. Tukizichunguza methali za Kiswahili tutaona kwamba nyingi zina shaka na mtu anayekwenda mbio. Haraka haraka haina baraka. Mwenda pole hajikwai. Kutangulia si kufika. Hazina hii ya hekima ilijengwa na jamii ya mabaharia, wakulima na wafanyabiashara, watu waliojua kuwa chombo hakilazimishi pepo. Mkimbiaji wa mashindano hakuwa miongoni mwa watu ambao hekima hiyo iliwafikiria.

Kwa hiyo ni rahisi sana kwa mwandishi wa Kiswahili kumchukua Maiyoro wa White City, aliyetangulia na asifike wa kwanza, akamgeuza kuwa kielelezo cha methali na kuishia hapo. Ni rahisi vilevile kumchukua Temu na kumpeleka ukingoni mwa sakafu. Huo ni uvivu wa tafsiri. Methali si hukumu ya mahakama. Ni hoja inayohitaji muktadha. Maiyoro alitangulia kwa makusudi, mbele ya watu waliodhani kwamba Mwafrika hawezi kuhimili mbio ndefu, na alipofikiwa hakuanguka wala hakutoka. Alimaliza wa tatu katika mbio zilizovunja rekodi ya dunia.

Tena, mbio za mita 10,000 si haraka haraka. Ni mizunguko 25 ya uwanja. Ni zoezi la kustahimili, kupima na kungoja. Namna Temu alivyoshinda Mexico inaafikiana na hekima yetu kuliko tunavyokiri: alisubiri mizunguko 24, akakubali kupitwa katika wa 25, kisha akachukua chake karibu na utepe. Kama tunatafuta methali, basi ni ile isemayo kuwa mvumilivu hula mbivu. Mwalimu wa fasihi simulizi anayetafuta mfano hai wa methali mbili zinazopingana hana haja ya kwenda mbali. Anao katika wasifu wa mtu mmoja.

Shujaa asiyekufa vitani

Sababu ya pili ya ukimya wa fasihi yetu ni umbo la shujaa tuliyemzoea. Fumo Liyongo aliuawa kwa sindano ya shaba mkononi mwa mwanawe. Mkwawa alijiua mwaka 1898 ili asitiwe mikononi mwa Wajerumani. Kinjeketile alinyongwa mwaka 1905, na Dedan Kimathi mwaka 1957. Tendi, tamthilia na riwaya zimewashughulikia kwa sababu kifo chao kimekwisha kumwandalia mtunzi hitimisho. Shujaa hufa akiwa shujaa, na pazia hufungwa.

Temu alifikia kilele akiwa na miaka 23, kisha akaishi miaka mingine 34. Alilima, akazeeka mapema, akaugua na kufa kitandani. Kwa mtunzi aliyelelewa katika ushujaa wa mkuki, hadithi hii haina mwisho. Ina mteremko mrefu tu. Lakini je, si mteremko huo ndio maisha ya watu wengi? Na je, fasihi inayoweza tu kusimulia kileleni haijajinyima sehemu kubwa ya ukweli?

Mfano wa kufuatwa tunao, tena ni wa gwiji mwenyewe. Shaaban Robert, katika Wasifu wa Siti Binti Saad, hakumchagua sultani wala jemadari. Alimchagua mwanamke wa Fumba, Unguja, aliyezaliwa katika ufukara na kuuza vyungu kabla ya sauti yake kumfikisha Bombay kurekodi santuri mwaka 1928. Shaaban Robert alitufundisha kwamba mtu wa tabaka la chini, kwa kipawa chake, anaweza kuwa mada ya nathari ya Kiswahili yenye hadhi. Tangu hapo utanzu huo umeendelea kwa kusuasua, na pale unapoendelea umekuwa ukiwaelekea zaidi wanasiasa. Mwimbaji alipata wasifu. Mkimbiaji naye anangojea.

Wasifu wa Temu ukiandikwa kwa makini utatoa nuru katika jambo jingine kubwa: uhusiano wa jasho na malipo. Temu alikimbia katika enzi ya michezo ya ridhaa, ambapo kanuni za kimataifa zilimkataza mwanariadha kulipwa kwa kukimbia. Medali haikuwa na bei. Mwaka 1973 ilianza mashindano nchini Marekani ligi ya wanariadha wa kulipwa, na Keino na Ben Jipcho walijiunga nayo, lakini ilisambaratika mwaka 1976. Ilikuwa mwaka 1982 ndipo shirikisho la kimataifa la riadha liliporuhusu fedha za wanariadha ziwekwe katika akaunti za amana, na mashindano ya dunia ya riadha yalianza kutoa zawadi za fedha mwaka 1997. Wakati huo Temu alikuwa ametoka uwanjani kwa robo karne. Hivyo basi, mbio zake hazikuwa fupi kwa sababu ya miguu peke yake. Mkimbiaji ambaye hawezi kuishi kwa mbio ana kila sababu ya kuziacha mapema. Ukingo wa sakafu ile ulijengwa na kanuni.

Pingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza ni la lugha. Msomi mmoja anaweza kuuliza: Wagusii wana lugha yao, Ekegusii, kwa nini basi wasifu wa Mgusii uandikwe kwa Kiswahili? Jibu ni kwamba Ekegusii ina haki yake, na kila simulizi itakayokusanywa Nyamira ihifadhiwe kwanza kwa maneno ya msimulizi. Lakini Temu alivaa jezi ya Kenya, na lugha ya taifa la Kenya ni Kiswahili. Kiswahili ndicho kinachoweza kumfikisha kwa mwanafunzi wa Kilifi, wa Tanga na wa Bujumbura. Kwa sasa, anayetaka kuwasoma Maiyoro na Temu kwa kina hulazimika kwenda kwa Kiingereza, kama katika utafiti wa John Bale na Joe Sang kuhusu riadha ya Kenya, uliotolewa mwaka 1996. Kazi hiyo ni ya thamani kubwa. Lakini ni jambo la kusikitisha kwamba historia ya miguu yetu isomeke vizuri zaidi kwa lugha ya waliokuja kuipima.

Pingamizi la pili ni la istilahi. Inasemwa kuwa Kiswahili hakina msamiati wa kutosha wa kueleza riadha kitaalamu. La hasha! Watangazaji wa redio walikwisha kuifanya kazi hiyo kabla wanaisimu hawajakaa mezani. Mchujo, fainali, utepe, viunzi, mbio za nyika, masafa marefu, kupokezana vijiti, kuchomoka, kumezwa: maneno haya yamo vinywani mwa wasikilizaji tangu zamani. Kinachokosekana si maneno. Ni nathari ndefu inayoyatumia.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi: kwamba wasifu unahitaji maisha yaliyojaa nyaraka, barua na shajara, ilhali Temu alikuwa askari na mkulima. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake, lakini linamsahau msomi wa fasihi simulizi. Taaluma yetu imejenga mbinu za kukusanya, kunukuu na kuhakiki masimulizi ya watu wasioandika. Tunazitumia mbinu hizo kwa vitendawili, nyimbo za jando na hadithi za fisi na sungura. Hapana sababu ya kuzinyima mzee wa Borabu aliyelima shamba linalopakana na la bingwa wa Olimpiki.

Lakini mbinu hizo zina adui mmoja, naye ni wakati. Temu aliondoka mwaka 2003. Nyandika Maiyoro na Robert Ouko waliondoka mwaka 2019. Kijana aliyekuwa na miaka 20 siku ya dhahabu ya Mexico sasa anakaribia 80. Kila mwaka unaopita bila kinasa sauti kuwashwa katika vilima vya Manga, Keroka na Nyansiongo, ni ukurasa unaoraruliwa.

Hitimisho

Yapo mambo yanayoweza kufanywa bila kungoja bajeti ya serikali. Kisii pana chuo kikuu kilichopewa hati yake mwaka 2013, na vyuo vingine havipo mbali. Kila mwaka wanafunzi wa Kiswahili huandika tasnifu na miradi ya utafiti. Nyingi hurudia riwaya zile zile na maudhui yale yale, mpaka wasimamizi wanaweza kubashiri sura ya nne kabla ya kuifungua. Idara ikitenga walau miradi michache kila mwaka kwa ajili ya masimulizi ya maisha ya wanariadha wa Gusii, katika miaka mitano kutakuwa na hifadhi ambayo mwandishi yeyote wa wasifu ataitegemea. Vyama vya wanafunzi navyo viyafanye masimulizi hayo kuwa sehemu ya makongamano yao, na majarida yake yayachapishe, hata kama ni kurasa tatu tatu.

Tangu Katiba ya mwaka 2010, Wakenya huadhimisha Siku ya Mashujaa tarehe 20 Oktoba. Siku hiyo hiyo, mwaka 1968, Keino alishinda mita 1,500 na Temu akamaliza wa 19 katika marathoni, akiwa na dhahabu na shaba tayari mkobani na miguu iliyochoka kwa siku nane za mashindano. Ushindi wa kwanza kati ya hayo mawili unakumbukwa na kila mtu, na unastahili. La pili halikumbukwi na mtu. Hata hivyo, mwenye kuandika wasifu ataona kwamba katika nafasi ile ya 19 kuna mtu mzima: hakuwa na sababu ya kukimbia tena, wala hakuwa na senti ya kutarajia, na bado alijipanga na wenzake mstarini.

Ukingo wa sakafu upo kwa kila mkimbiaji. Wajibu wa fasihi ni kupima kilichofanyika kabla ya ukingo huo, na kumfuata mtu huyo anapoendelea kutembea baada yake. Kiswahili kina maneno ya kazi hiyo, kina mbinu, na kina mfano wa Shaaban Robert. Kilichobaki ni watu wa kwenda Nyamira na kuuliza wakati bado yupo wa kujibu.